Kwaresima kwa Watawa wa Mlimani: Maswali Tunayoulizwa Kila Mwaka

Mimi ni bruda wa wageni katika nyumba ndogo ya Wabenedikto, juu ya milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma. Tuko 11: mapadre wawili, mabruda sita na wanovisi watatu, yaani vijana walio bado kwenye malezi kabla ya nadhiri. Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, simu ya nyumba ya wageni haipumziki, na maswali ni yaleyale. Nimeyajibu mlangoni, nimeyajibu shambani, nimeyajibu hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Sasa nayaandika. Majibu haya ni ya nyumba yetu tu. Abasia kubwa kama Peramiho, Ndanda au Hanga zina watu wengi na taratibu zake.

Ni kweli hamli kitu mpaka jioni?

Si kweli, ingawa zamani ilikuwa hivyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, iliwataka watawa wale mara moja tu kwa siku wakati wote wa Kwaresima, tena jioni. Masifu ya jioni yaliwahishwa ili watu wamalize kula mwanga wa mchana ungalipo, taa isihitajike. Hiyo ni sura ya 41, ukitaka kuisoma mwenyewe.

Siku hizi sisi tunakunywa uji asubuhi, tunakula mchana, na jioni tunapata kitu kidogo. Jumatano na Ijumaa uji haupikwi. Tunakaa mpaka adhuhuri, tunakula mlo mmoja wa kushiba, na usiku ni kiazi kitamu na chai kavu. Hayo ni makubaliano ya nyumba. Sheria ya Kanisa kwa Mkristo wa kawaida ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: siku za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Siku hizo unakula mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii mlo mzima. Kuacha nyama siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima kunaanzia miaka 14. Mtu akikwambia Kanisa linakudai siku 40 za njaa, amekutwika mzigo wake mwenyewe.

Siku yenu inaanza saa ngapi?

Kengele inalia saa 10:20 alfajiri. Anayeipiga ni mnovisi wa zamu, na kila mnovisi ana mkono wake. Yupo mmoja anayeivuta kama anaita watu kuzima moto. Saa 10:45 tuko kanisani kwa sala ya usiku. Zaburi ya kufungulia siku ni ile ya 95, na katika Kwaresima kiitikio chake ni kile cha kutofanya migumu mioyo yetu. Kukiimba saa hizo, huku mvua ya Machi inapiga bati na koo halijaamka, ni kazi kweli.

Baada ya hapo kila mtu anasoma Neno la Mungu polepole peke yake, mpaka Masifu ya Asubuhi saa 12:00, kisha Misa. Saa 2:00 tunaingia kazini. Saa 6:15 mchana tunasali, tunakula, tunalala kidogo. Kulala mchana hatukufuti hata Kwaresima, na yeyote aliyewahi kuamka saa kumi usiku siku 46 mfululizo ataelewa kwa nini. Kazi ya alasiri ni fupi kuliko miezi mingine kwa sababu ya kitabu, nitakachokieleza chini. Masifu ya Jioni ni saa 12:00, sala ya mwisho saa 2:00 usiku, na baada ya hapo hakuna anayefungua kinywa mpaka asubuhi.

Mnakula nini hasa?

Ugali na maharage. Kesho yake maharage na ugali. Wageni hucheka nikiwajibu hivyo, halafu siku ya tatu hawacheki tena.

Mboga zipo, na mvua hii hazina shida: majani ya maboga, matembele, mchicha uliojiotea wenyewe kwenye kahawa. Kuna siku ya kande, kuna siku ya magimbi. Mafuta yanapunguzwa, na sukari inatoka mezani Jumatano ya Majivu na kurudi Pasaka. Ukiniuliza kipi kinawauma mabruda zaidi, nyama au sukari, nitakujibu bila kusita kwamba ni sukari. Nyama tunaiona mara chache hata nje ya Kwaresima, lakini chai ya maziwa isiyo na sukari, asubuhi ya baridi huku mlimani, inamfanya mwanaume mzima aitazame kikombe kama kimemkosea.

Jaribu kubwa lenyewe halimo jikoni, limo shambani. Huku kwetu Kwaresima inaangukia wakati mahindi yanakomaa. Februari na Machi ghala limeshaonekana sakafu, mavuno bado mbali, na hapohapo njiani kila nyumba inachoma mahindi mabichi. Harufu hiyo inaingia mpaka kanisani kwenye Masifu ya Jioni. Waliotuachia desturi za Kwaresima waliishi katika nchi ambazo wakati huo baridi ndiyo inaisha na ghala limekaukiwa. Kufunga kwao kulikwenda sambamba na uhaba. Kwetu uhaba upo, lakini unakaa meza moja na hindi la kuchoma. Padre Priori, yaani mkubwa wa nyumba yetu, aliamua miaka mingi iliyopita kwamba hindi bichi si dhambi wala si anasa, ila linaliwa mezani pamoja na wenzako, si shambani kwa kujificha. Mabua yamewafichua wengi.

Na samaki? Si ni ruhusa?

Ni ruhusa. Ijumaa kinachokatazwa ni nyama. Ziwa Nyasa haliko mbali nasi, na dagaa wake wakavu ndio kitoweo chetu cha Ijumaa nyingi.

Ila niseme langu. Yuko mgeni mmoja aliyekuja kwa mafungo ya Ijumaa mbili, akabeba mbasa wakubwa kutoka Mbamba Bay, na nazi, na ndimu, akamwomba bruda mpishi amwandalie, kwa kuwa "hii si nyama". Sheria hakuvunja. Lakini sisi tulikuwa tunakula dagaa wa kuchemsha, na harufu ya mbasa wa nazi ilikuwa inapita dirishani. Bruda mpishi alimpikia vizuri, akampelekea kwa heshima zote. Mgeni alikula nusu, nusu akairudisha jikoni mwenyewe, akaomba dagaa.

Nani anaamua kila mtawa aache nini?

Swali hili naulizwa kidogo, na ndilo ningependa niulizwe zaidi.

Sura ya 49 ya Kanuni yetu inaanza kwa kusema kwamba maisha ya mtawa yangepaswa kuwa Kwaresima mwaka mzima. Ukisikia hivyo unatetemeka. Lakini sentensi inayofuata inakiri kwamba wenye nguvu hiyo ni wachache, kwa hiyo angalau siku hizi tujitahidi. Kisha inasema kila mmoja atoe kitu kwa hiari yake, juu ya kile kinachowapasa wote: kidogo katika chakula, kinywaji, usingizi, maneno, mzaha. Halafu inafunga mlango wa nyuma: lolote unalotaka kutoa, kamwambie kwanza mkubwa wako, ulifanye kwa ruhusa na sala yake. Ukilifanya kimyakimya bila ruhusa, litahesabiwa ni majivuno, halina thawabu.

Kwa hiyo Jumanne kabla ya Majivu kila mmoja wetu anaandika kikaratasi. Mistari mitatu inatosha. Unampelekea Padre Priori, anasoma, anatia saini au anakata.

Mwaka wangu wa kwanza baada ya nadhiri niliandika kwamba nitalala chini bila godoro siku zote, nitakunywa maji tu Ijumaa, na nitaamka saa moja kabla ya wenzangu. Nilijiona Mtakatifu Antoni, yule mkaapweke wa jangwani. Padre Priori wa wakati ule, mzee aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikata yote matatu kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Utaacha kulalamika kuhusu viazi." Nilikasirika. Hata sikujua kwamba nalalamika kuhusu viazi. Siku ya nne nikajisikia mwenyewe, mezani, nikianza, "Hivi viazi vya leo..." Nilifunga mdomo. Kwaresima ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, na ingekuwa rahisi mno kulala chini.

Vikaratasi havisomwi hadharani. Usimuulize bruda ameandika nini, na akikwambia bila kuulizwa, jua kuna kitu hakikuandikwa sawasawa.

Nimeona kila bruda anatembea na kitabu. Ni kitabu gani?

Ni kitabu chake cha Kwaresima. Desturi hii imo katika sura ya 48: mwanzoni mwa Kwaresima kila mtawa anapewa kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome chote, kwa mpangilio, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna kurukaruka.

Sisi tunagawiwa Jumapili ya kwanza, baada ya Masifu ya Jioni. Tunapiga foleni, Padre Priori anakukabidhi mkononi. Hukichagui. Mwenye shahada anaweza kupewa maisha ya mtakatifu yaliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, na mnovisi wa kidato cha nne akapewa gombo la barua za mababa wa Kanisa lililochoka jalada. Saa 10:45 alasiri mpaka karibu Masifu ya Jioni, nyumba nzima inasoma. Kanuni inasema hata mzee mmoja au wawili wazunguke wakati wa kusoma kuangalia nani anasinzia au kupiga soga. Kwetu mzunguko huo anaufanya paka wa jikoni, lakini aibu inatosha.

Kwa hiyo hamzungumzi kabisa?

Tunazungumza. Bruda wa ng'ombe hawezi kumwambia daktari wa mifugo kwa ishara kwamba ndama anaharisha. Kazini tunasema kinachohitajika, mlangoni nasema na wageni, Jumapili mchana tunakaa barazani na kupiga hadithi. Kinachopunguzwa ni maneno ya kujaza nafasi. Mezani katika Kwaresima hatuongei hata kidogo: mmoja anasoma, wengine wanakula, na ukitaka chumvi unagonga meza kidogo kwa kidole.

Wageni wengi huogopa njaa kabla hawajaja, halafu wakifika njaa wanaizoea siku ya pili. Ukimya ndio unaowakimbiza. Yuko kijana aliyekuja kwa siku tano akaondoka usiku wa pili. Alisema hakujua kwamba kichwani mwake kuna kelele kiasi kile. Alirudi mwaka uliofuata, akakaa zote tano.

Simu je?

Iache kwangu ukifika, au kaa nayo ikiwa imezimwa. Mtandao hapa unapatikana kwenye kichuguu kimoja nyuma ya zizi, na ukikiona kimekanyagwa sana utajua Kwaresima ya wageni inaendeleaje.

Mnafanya kazi gani huku mna njaa?

Kazi ileile ya majirani zetu, kwa sababu mvua haingoji Pasaka. Machi hapa Umatengo ni mwezi wa ngoro. Kwa asiyezijua: huku mashamba yamelala kwenye miteremko mikali, na Wamatengo tangu enzi za mababu wamekuwa wakilima kwa mashimo. Nyasi zinafyekwa, zikinyauka zinapangwa miraba juu ya mteremko mzima, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Kunabaki shimo katikati na matuta pande nne. Maharage yanapandwa juu ya matuta, nyasi zinaozea chini yao na kuwa mbolea, mvua inatulia ndani ya mashimo badala ya kuuporomosha mlima. Msimu unaofuata panapandwa mahindi. Ukisimama ng'ambo ya bonde, mlima unaonekana kama sega la nyuki.

Kwa desturi wanaume ndio hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake ndio huchimba na kufunika. Nyumba yetu haina wanawake, kwa hiyo tunafanya yote mawili, na la pili tunalifanya vibaya. Kila mwaka akina mama wa kijijini wakipita njiani husimama, hutazama matuta yetu, huanza kucheka, halafu mmoja wao husema, "Shikamooni mababa, lete hilo jembe," na kutuonyesha upya. Mimi nimeonyeshwa kwa miaka 14.

Siku ya kufunga tunalima asubuhi tu. Mzee wetu mwenye miaka zaidi ya 70 anakaa barazani kupukuchua mbegu, na mnovisi anayesikia kizunguzungu anapewa uji bila hotuba.

Kwa nini kanisani kumepoa hivyo? Ngoma zimekwenda wapi?

Zimetundikwa stoo. Katika Kwaresima vyombo vya muziki vinaruhusiwa kusaidia tu watu wasipotee sauti, havipigwi kwa kupamba. Sisi tunaacha ngoma na kayamba zote, kinanda kinatoa sauti ya kuanzia kisha kinanyamaza. Aleluya haisikiki popote, hata kwenye sala ya usiku tulipo 11 peke yetu. "Utukufu kwa Mungu juu" unangoja. Altare haina maua, vazi ni zambarau. Kuanzia Jumapili ya tano misalaba inaweza kufunikwa kitambaa, nasi huifunika.

Yapo mapumziko njiani. Jumapili ya nne maua yanarudi kwa siku moja, na padre anavaa rangi ya waridi kama sakristia inayo. Ya kwetu imepauka mpaka watoto wa kigango wanasema ni zambarau iliyofuliwa sana. Tarehe 19 Machi ni Mtakatifu Yosefu, tarehe 25 ni Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, na katikati yake, tarehe 21, sisi Wabenedikto tunaadhimisha kufariki kwake baba yetu Benedikto. Siku hizo Utukufu unaimbwa, na sukari hurudi mezani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wanovisi wanaijua kalenda hiyo kuliko katekisimu.

Jumapili nazo mnafunga?

Hapana, na hesabu yenyewe inakataa. Kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Jumapili ni ya Ufufuko hata katikati ya Kwaresima. Ila sukari hairudi. Hilo niliuliza, nikajibiwa kwa macho.

Jirani yangu Mwislamu ananicheka, anasema sisi Wakatoliki hatufungi, tunapunguza tu. Nimjibu nini?

Mwambie ni kweli. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki hiyohiyo. Fundi anayetutengenezea mitambo ya umeme wa jua ni Mwislamu. Alikuwa juu ya paa letu saa sita na nusu mchana, hajaweka hata tone la maji kinywani tangu alfajiri, huku sisi tunaingia bwaloni kula. Akaniuliza kutoka juu, "Bruda, huko kwenu kufunga ni kupunguza?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee." Akasema, "Haya, punguzeni basi, msiongeze." Nilipeleka maneno yale kwa Padre Priori, akayasema kwenye mahubiri ya Ijumaa bila kumtaja mtu. Jioni tulimfungia fundi viazi na magimbi ya futari.

Nina vidonda vya tumbo. Nina kisukari. Nanyonyesha. Nifunge?

Usifunge. Kanisa halimdai mgonjwa wala mama mjamzito au anayenyonyesha, na mwenye dawa za kumeza na chakula ale chakula. Nimewahi kumpeleka mgeni zahanati kwa pikipiki, usiku, kwenye tope, kwa sababu alificha kisukari chake ili asionekane dhaifu mbele ya watawa. Hata Benedikto, aliyekataza nyama ya wanyama wa miguu minne, aliwaruhusu wagonjwa waliodhoofika waile. Ukija kwetu niambie hali yako siku ya kwanza, mlangoni. Sitamwambia mtu ila mpishi.

Mnaruhusiwa kunywa pombe?

Kanuni inampa kila mtawa kipimo cha divai kwa siku, kinaitwa hemina, na wataalamu hawajaacha kubishana kilikuwa kikubwa kiasi gani. Mwandishi wake anakiri kwamba divai si ya watawa, ila kwa kuwa watawa wa siku zake hawakukubali kushawishika, basi wanywe kidogo. Nampenda kwa sentensi hiyo. Sisi divai ipo altareni tu. Kwaresima hatunywi chochote.

Naweza kuja kukaa nanyi?

Karibu, tuna vyumba vinne. Piga simu kabla, kwa maana Juma Kuu vinajaa mapema. Akina mama na akina dada wanapokelewa vilevile. Nyumba ya wageni iko nje ya uzio wa ndani, na kanisani kila mtu ana nafasi. Hatuna bei. Kuna kikapu, weka unachoweza, na kama huna usiweke.

Beba sweta, viatu vya tope, tochi na Biblia. Usibebe vitabu vitano vya kiroho. Utasoma kimoja nusu. Kila siku asubuhi, ukipenda, kuna kazi ya mikono. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila sisi huwa hatusubiri ya tatu.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui: Kanuni yetu, sura ya 53, inataka mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, na inasema mkubwa wa nyumba avunje mfungo wake ili ale na mgeni, isipokuwa siku zile kuu za kufunga. Mabruda wengine waendelee na mfungo wao. Kwa hiyo ukifika Jumatano ya kawaida, Padre Priori atakuja kula nawe. Usimkatalie kwa unyenyekevu. Amekuwa kwenye ngoro tangu saa mbili.

Sukari mnayoiacha inakwenda wapi?

Hili ni swali la mama mmoja wa jumuiya, na aliuliza akiwa amejishika kiuno, kwa hiyo nilijibu kwa hesabu. Bruda mtunza ghala anaandika daftarini kilo za sukari, mafuta na mchele ambazo tungetumia. Wiki ya tano thamani yake inatolewa fedha taslimu. Nusu inapelekwa parokiani kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu wa kuwapelekea chakula hospitali, nusu inanunua mahindi kwa kaya ambazo ghala lao limeisha kabla ya mavuno. Fedha si nyingi. Kufunga ambako mwisho wake ni kujaza tena kabati letu kungekuwa kubana matumizi tu, na kubana matumizi hata wafanyabiashara wanaweza.

Juma Kuu mnafanya nini tofauti na parokiani?

Ibada ni zilezile, ila taratibu zaidi, na hakuna kwaya ya kushindana na nyingine. Kila Ijumaa ya Kwaresima tumekwisha kufanya Njia ya Msalaba kwa kupanda mlima, vituo 14, cha mwisho kikiwa kaburini kwa mabruda wetu waliotangulia. Alhamisi Kuu Padre Priori anaosha miguu ya watu 12. Tukiwa 11, na yeye ndiye mwoshaji, inabidi tutafute majirani wawili, na miaka yote wanakuja wameshaiosha nyumbani mpaka inang'aa.

Kwenye Utukufu wa Alhamisi hiyo kengele zinalia kwa mara ya mwisho. Kuanzia hapo tunaitwa kwa vibao viwili vya mninga vinavyogongwa. Hiyo sauti kavu, alfajiri ya Ijumaa Kuu, watu wanaikumbuka kuliko mahubiri. Siku hiyo hakuna Misa popote duniani, tunaabudu Msalaba saa 9 alasiri, tunakula mara moja. Jumamosi ni kimya na kufagia. Usiku tunawasha moto mpya nje ya kanisa, mara nyingi kwa shida kwa kuwa kuni zimelowa, na mwaka mmoja mnovisi alileta mafuta ya taa mengi mno na nyusi za shemasi zikapungua. Mshumaa wa Pasaka unaingia gizani, Mbiu ya Pasaka inaimbwa, na ikifika Utukufu, kengele zote, ngoma zote na vigelegele vya akina mama vinaanza kwa pamoja. Hapo ndipo mbwa wa kijiji kizima wanajua Kwaresima imekwisha.

Nataka kuwaletea watawa kuku wakati wa Kwaresima. Itakuwa vibaya?

Si vibaya, tunashukuru sana. Mkabidhi bruda mpishi, atamfunga kamba mguuni siku mbili azoee, kisha ataachwa uani mpaka Pasaka. Mwaka jana tulipokea saba. Mmoja alianza kutaga wiki ya tano, akasamehewa, na sasa ana vifaranga tisa. Sita wale wengine wageni wa Pasaka watawasimulia.